Gari la Little Miss Sunshine halikufa betri, ni klachi

Ndugu Mhariri,

Mchambuzi wenu wa ukurasa wa burudani ameisifia Little Miss Sunshine, ile komedi ya Marekani ya mwaka 2006 kuhusu familia inayogombana njia nzima kutoka Albuquerque, New Mexico, mpaka Redondo Beach, California. Sifa zote zimestahili. Lakini alipoandika kwamba familia ile inasukuma Kombi yake, lile basi dogo la Volkswagen, kwa sababu betri imekufa, aliteleza, nami naomba nafasi nimsahihishe. Huu si ubishi wa vijiwe vya gereji. Kama tatizo lingekuwa betri, komedi yenyewe isingekuwepo.

Betri ikifa, gari linasukumwa mara moja, au linabustiwa kwa waya kutoka gari la jirani. Likishawaka, alternator inaanza kujaza betri, na mkikaa barabarani nusu saa au saa nzima kuna uwezekano mkubwa starta itazunguka tena. Watu wanaudhika mara moja, wanajifuta jasho, wanasahau. Klachi, kile kinachounganisha na kuachanisha injini na gia boksi, ikigoma ni habari nyingine. Kila mkisimama, mnasukuma. Mkisimama kununua soda, mnasukuma. Mtoto akibanwa na haja ndogo, mnasukuma. Askari akiwapungia mkono mkae pembeni, mtajieleza, mtaruhusiwa, halafu mtashuka kusukuma. Mwandishi wa filamu alikuwa na watu sita wasiotazamana usoni, na alitaka kifaa cha kuwakutanisha nyuma ya bampa moja tena na tena bila yeye kuonekana anawalazimisha. Betri isingemfikisha mbali.

Watu wenyewe, kwa ambao hawajaiona. Baba, Richard, anauza programu yake ya hatua tisa za kuwa mshindi, nayo hainunuliki. Mama, Sheryl, ndiye anayeshikilia nyumba isianguke. Mjomba Frank, kaka wa mama, ni msomi wa mwandishi wa Kifaransa, Proust, ambaye ametoka tu hospitali baada ya kujaribu kujiua, kwa hiyo hawezi kuachwa peke yake. Kijana Dwayne ameweka nadhiri ya kutotamka neno mpaka aingie kwenye urubani wa jeshi la anga. Babu Edwin alitimuliwa nyumba ya wazee kwa sababu ya heroini, na ndiye aliyemfundisha mjukuu wake dansi. Mjukuu ndiye Olive, miaka 7, aliyepata nafasi ya dharura kwenye shindano la urembo la watoto. Nauli za ndege hawana, na mama hawezi kuendesha gari la gia za mkono. Ndiyo maana wote sita wanajikuta ndani ya Kombi la njano, kwa safari ya kilomita kama 1,300 na siku mbili za kuzimaliza.

Sasa nirudi kwenye klachi, maana hapo ndipo penye utamu.

Neno "klachi imekufa" lina maana mbili, na fundi mzuri huuliza kwanza ni ipi. Ya kwanza ni klachi inayoteleza. Pleti imeisha, injini inanguruma, gari halisogei, na mnasikia harufu kama ya raba iliyoungua. Gari la namna hiyo mkilisukuma mnajichosha bure, kwa kuwa hakuna kinachounganisha injini na gia boksi. Ya pili ni klachi isiyoachia. Ukikanyaga pedeli inazama mpaka chini, lakini injini na gia boksi vimeng'ang'aniana kama vile hujagusa kitu. Hapo ukijaribu kuingiza gia moja gari likiwa limesimama na injini inawaka, unasikia meno yanasagika. Gari linakwenda vizuri kabisa likishakuwa kwenye mwendo. Kinachoshindikana ni kuondoka. Kombi ya filamu ile ina ugonjwa huu wa pili, na ndio pekee unaotibika kwa kusukuma.

Kombi za kizazi cha pili, zile mafundi wa Volkswagen wanaziita T2, zina injini nyuma na pedeli mbele. Kati yao unapita waya wa klachi wenye urefu wa zaidi ya mita 3, ndani ya bomba chini ya sakafu, unaoishia kwenye mkono wa gia boksi kwa nati yenye masikio ambayo unaweza kuizungusha kwa vidole. Waya huu hupenda kukatika sehemu mbili: kwenye ndoano ya pedeli, au kwenye mkia karibu na nati. Ukikatika, fundi mwenye waya mwingine dukani anamaliza kazi kabla chai haijapoa. Lakini kama kilichovunjika ni cha ndani, yaani rilizi beringi, uma unaoisukuma, au presha pleti, basi injini lazima ishuke. Kwenye Kombi si kazi ya kutisha, bolti kubwa zinazoishika injini na gia boksi ni 4 tu, ila spea lazima iwepo. Fundi wa kwenye filamu anawaambia spea ni ya kuagiza, na ni mwisho wa wiki. Kwa hiyo aliyewahi kulala chini ya Kombi anajua kuwa kilichokufa si waya. Mwandishi wa hadithi alichagua ubovu ambao ni mdogo vya kutosha gari kuendelea, na mkubwa vya kutosha usitengenezeke njiani. Kipimo hicho si cha kubahatisha. Michael Arndt, aliyeandika hadithi, aliitoa kwenye safari ya utotoni mwake, familia yao ilipokwama na Kombi yenye klachi mbovu.

Ushauri wa yule fundi ni huu: egesheni gari kwenye mteremko, liacheni lishike kasi ya maili 15 hadi 20 kwa saa, kisha tieni gia namba tatu. Kutoka tatu kwenda nne hamhitaji klachi. Penye tambarare, shukeni msukume.

Kwa nini tatu na si moja? Hesabu yake ni rahisi. Kasi hiyo ni kilomita 24 hadi 32 kwa saa. Gari likiwa kwenye kilomita 25, gia namba tatu ya T2 inataka injini izunguke kama mara 1,300 kwa dakika, kiasi kidogo tu juu ya sailensa yake, yaani mizunguko ya injini inayowaka bila kukanyagwa mafuta, ya 850 au 900. Dereva akigusa mafuta kidogo, mizunguko inalingana na gia inaingia bila kelele. Namba mbili kwa kasi hiyohiyo ingetaka kama 2,200. Namba moja ingetaka zaidi ya 4,000: aidha haiingii, aidha inaingia kwa kishindo na magurudumu ya nyuma yanajaribu kusimama ghafla. Waliobaki nyuma na mikono yao kwenye bati ndio watakaolijua hilo kwa meno yao.

Hapa nikiri filamu imetia chumvi. Kombi tupu ina tani moja na robo hivi. Kuisukuma kwenye tambarare mpaka kilomita 24 kwa saa kunahitaji wanariadha. Watu wa kawaida wanne au watano, mmoja mzee na mwingine mtoto, wakifika kilomita 10 au 12 wameshatokwa na roho. Gereji yoyote ya mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, ingewaambia watie namba mbili. Tena kuna swali kubwa zaidi ambalo fundi yeyote anayeitazama filamu hii atauliza kwa sauti: kwa nini hawazimi injini, wakatia gia namba moja, wakapiga starta? Kombi haina swichi inayozuia starta mpaka ukanyage klachi. Gari lingeruka kama chura, lingewaka likiwa tayari linakwenda, na hakuna ambaye angeshuka. Hiyo njia inachosha starta na betri, huwezi kuifanya mara 20 kwa siku, lakini kwa dharura inafanya kazi. Filamu inanyamaza kimya kuhusu jambo hilo. Inaponea kwa sababu sheria inatolewa na mtu mwenye ovaroli ndani ya gereji yake, haraka, bila kusitasita, na familia haina mjuzi wa kumbishia. Mtazamaji naye anaipokea. Sheria ya mchezo ikishatolewa na mtu anayeonekana kuijua kazi yake, watu hawaiulizi tena. Wanasubiri kuona itakavyowaumiza wahusika.

Kuhusu kubadilisha gia bila klachi, fundi yuko sahihi, ingawa dereva wa mara ya kwanza ataikwaruza. Unaachia mafuta, unavuta gia kuipeleka fri, yaani pasipo na gia, wakati injini haivuti wala haivutwi, unasubiri kidogo mizunguko ishuke, unasukuma nne taratibu bila kuilazimisha mpaka iingie yenyewe. Kurudi tatu ni kinyume chake: fri, gusa mafuta mizunguko ipande, ndipo uvute. Madereva wa malori waliozoea dabo klachi, kukanyaga klachi mara mbili kwa kila gia, wataiona kazi ya kawaida.

Tazama basi jinsi ubovu huo mmoja unavyotumika, kila safari kwa sura tofauti. Mara ya kwanza ni mchezo tu: wanasukuma, wanakimbia, wanarukia ndani mmoja mmoja kupitia mlango wa kuslaidi, wanavutana mikono, na kwa mara ya kwanza tangu filamu ianze unaona meno yao. Mara nyingine wanaondoka kituo cha mafuta na kugundua baadaye kwamba Olive hayumo. Gari lingekuwa zima, wangerudi, wangesimama, wangempakia na kumwomba radhi. Hawawezi kusimama. Mtoto inabidi achukuliwe gari likiwa linatembea, kama konda wa daladala anavyomdaka abiria wa dakika ya mwisho. Hakuna maneno mengi, na bado umeelewa kila kitu kuhusu nyumba ambayo kila mtu anashughulika na lake mpaka wanamsahau yule ambaye safari ni yake.

Kisha babu anafariki usiku kwenye moteli. Hospitali wanakutana na mfanyakazi mwenye fomu zake: hii ijazwe, ile isainiwe, maiti haivuki jimbo bila kibali. Muda hawana, kwa hiyo wanamtoa mzee dirishani akiwa amefungwa shuka na kumlaza nyuma ya gari. Kwetu, ambako msiba una taratibu zake na maiti ina heshima yake, tukio hili linasumbua, na nadhani linapaswa kusumbua. Lakini angalia hesabu ya gari. Hata kama babu hakuwa msukumaji wa kutegemewa, sasa mikono imepungua na uzito uko palepale. Filamu haisemi hilo. Inawaacha tu wasukume.

Baada ya klachi inafuata honi. Baba anampigia honi dereva aliyemchomekea, na honi inakataa kunyamaza. Inalia kinyonge, inakatika, inalia tena. Hili nalo si la kutungwa hewani. Kwenye Kombi hizo honi ina umeme muda wote ufunguo ukiwa umewashwa, na kitufe cha usukani kazi yake ni kuunganisha waya na bodi ili mzunguko ukamilike. Plastiki ya waya ule ikichubuka ndani ya mhimili wa usukani, ukikata kona waya unagusa chuma na honi inalia bila kuguswa. Ukitaka ikome, unaingia chini mbele ya gari na kuchomoa waya mmoja kwenye honi yenyewe, dakika mbili. Lakini kuchomoa maana yake ni kusimama, na kusimama maana yake unaijua. Ubovu wa pili umelindwa na ubovu wa kwanza. Honi ndiyo inayomwita askari wa barabarani, askari ndiye anayeelekea nyuma ya gari, na nyuma ya gari kuna mzee. Baba anamsihi askari asifungue, jambo ambalo hakuna askari duniani ataliacha lipite. Anafungua, anakuta magazeti ya picha za utupu yaliyonunuliwa kwa ajili ya babu, anacheka, anawaruhusu waende.

Mtu akitaka kujifunza kuandika komedi, namshauri asimamishe filamu hapo na ahesabu kurudi nyuma. Magazeti yalinunuliwa zamani, babu akiwa hai, kama utani mdogo. Honi ilianza kwa hasira ya sekunde moja. Hakuna kilichodondoka kutoka mbinguni.

Tukio ninalolipenda kuliko yote halina utani. Dwayne anagundua ndani ya gari kwamba hawezi kutofautisha rangi fulani, kwa hiyo urubani wa jeshi ndoto imekwisha. Anapigapiga viti na mlango mpaka baba anasimamisha gari, anakimbilia bondeni, na nadhiri ya kimya inavunjika kwa matusi kwa familia nzima. Mama anajaribu, anashindwa. Olive anateremka taratibu, anachuchumaa pembeni yake, anaweka kichwa begani mwake, haongei. Kijana anainuka. Mtazamaji aliyekwisha kuielewa klachi anajua kwamba kusimama pale kumewagharimu dakika wasizokuwa nazo, na kwamba watasukuma tena. Ndiyo maana filamu haihitaji muziki wa kukuambia kuwa wanampenda.

Shindano lenyewe nitalipitia haraka, mchambuzi wenu amelieleza vizuri. Niongeze moja tu: wale watoto wengine jukwaani, waliopakwa rangi na kuvalishwa nywele kubwa, walikuwa washiriki halisi wa mashindano ya aina hiyo, na walifanya maonyesho waliyozoea kufanya. Waongozaji hawakuhitaji kutia chumvi.

Kuhusu utengenezaji, kuna mambo ambayo vijana wetu wa filamu wangefaidika nayo kuliko sifa. Arndt aliandika rasimu ya kwanza kwa siku 3 mwezi Mei mwaka 2000, akaifumua na kuishona upya kwa muda mrefu, na ikanunuliwa mwaka 2001 kwa dola 250,000. Kamera hazikuwashwa mpaka Juni 2005. Waongozaji Jonathan Dayton na Valerie Faris, mume na mke waliotoka kwenye video za muziki, walipiga picha kwa siku 30 huko Arizona na kusini mwa California, kwa bajeti ya dola milioni 8 hivi. Januari 2006 iliuzwa kwenye tamasha la Sundance kwa zaidi ya dola milioni 10, na sinema za dunia nzima ziliingiza kama milioni 100. Mwaka 2007 Arndt alipata Oscar ya uandishi na Alan Arkin, aliyecheza babu, akapata ya mwigizaji msaidizi.

Kombi zilizotumika zilikuwa 5. Tatu zilikuwa na injini, mbili hazikuwa nazo na zilifungwa juu ya trela. Injini ya Kombi inapozwa kwa hewa, kwa hiyo inapiga kelele kama mashine ya kusaga, na mazungumzo ya watu sita ndani yake hayawezi kusikika vizuri. Likiwa juu ya trela bila injini, unapata mazungumzo safi, na mwigizaji aliyeshika usukani anaigiza badala ya kuendesha. Kabla ya hapo mpiga picha mkuu aliingia ndani ya gari na kamera ndogo ya video, akajaribu kona mbalimbali kuona wapi ni pazuri pa kupigia picha. Baadhi ya picha zilipigwa kwenye barabara kuu, magari mengine yakiendelea kupita.

Mtayarishaji wa Dar es Salaam au Nairobi anayetaka kufanya safari kama hii kwa fedha za kuungaunga hana Kombi 5. Anaweza kuwa na gari moja na trela ya chini ya kukodi. Trela isiwe ndefu kwenda juu, maana magari yanayopishana yataonekana yakipita chini ya dirisha na watazamaji watagundua. Kitambaa cheusi kwenye dashibodi kinapunguza mwako wa kioo cha mbele. Madirisha yakifungwa kwa ajili ya sauti na kiyoyozi kuzimwa, msipige zaidi ya dakika 5 bila kufungua, hasa kukiwa na watoto. Na mkimaliza, rekodini dakika moja ya sauti ya gari tupu likitembea, mtaihitaji kwenye uhariri kuliko mnavyodhani. Kibali kutoka Bodi ya Filamu na mazungumzo na polisi wa usalama barabarani yafanyike kabla ya kukodi chochote.

Tukio la kusukuma ndilo linaloumiza watu, kwa hiyo nilieleze kwa kituo. Tafuteni barabara yenye mteremko wa mita 1 hadi 2 kwa kila mita 100. Kwa macho, na kwa kamera iliyolazwa kidogo, itaonekana tambarare, lakini gari litakuwa karibu kwenda lenyewe na waigizaji hawatapasuka misuli. Kwenye usukani akae dereva halisi, gari likiwa fri. Ufunguo ubaki kwenye "on". Ukirudishwa mpaka mwisho wa kuzima usukani unaweza kujifunga, na hakuna breki ya bahati mbaya kama mti. Kwa magari ya kisasa, injini ikiwa imezimwa breki inakuwa ngumu baada ya kukanyaga mara mbili au tatu, kwa hiyo dereva asichezee pedeli.

Mlango wa kuslaidi unafunguka kuelekea nyuma, ambayo maana yake ni kwamba dereva akifunga breki ghafla mlango unarushwa mbele na kujifunga juu ya vidole vya mtu anayepanda. Ufungwe kwa ndoano au kamba fupi, usitegemee kishikio chake. Mtoto asikimbie karibu na gurudumu la nyuma. Apandishwe kutoka mbele ya mlango, na mtu mzima aliye ndani awe ameshamshika mkono kabla mguu wake haujatoka ardhini. Kwa Wamarekani mlango huo uko kulia. Kwetu, tunaoendesha kushoto, lazima uwe kushoto, vinginevyo mnawapandisha waigizaji katikati ya barabara.

Jambo la mwisho, ambalo ndilo lililonifanya niandike badala ya kutabasamu na kufunga gazeti. Mchambuzi wenu amependekeza waigizaji wetu waifanye hadithi hii upya: familia ya Dar inayokwenda Moshi mwezi wa Desemba, kilomita zaidi ya 500, ndani ya Noah. Wazo zuri sana. Yule mjomba peke yake, akirudishiwa hadhi yake ya mjomba wa kwetu nyumbani kwa dada yake, atatosha kuifikisha hadithi Korogwe. Lakini Noah nyingi zilizoko barabarani ni otomatiki, na gari la otomatiki haliwaki kwa kusukumwa. Ndani yake hakuna klachi ya kukanyaga. Nguvu inapita kwenye mafuta ya gia yanayosukumwa na pampu, na pampu inazungushwa na injini. Injini ikiwa imezima pampu imelala, gia haishiki, na magurudumu yanaweza kuzunguka mpaka Himo bila injini kushtuka. Waigizaji watakaosukuma Noah otomatiki mpaka iwake watachekwa, ila na watu wasiotakiwa kucheka, na pahali pasipotakiwa kuchekesha.

Kama wanataka klachi, wachukue Hiace ya gia za mkono, lakini hata hiyo si ugonjwa wa Kombi. Klachi ya Hiace haivutwi kwa waya, inasukumwa na mafuta ya breki kutoka masta silinda ya juu kwenda silinda ya chini kwenye gia boksi. Raba ya chini ikichoka inavuja. Pedeli inakuwa laini, ukiipampu mara 5 au 6 inarudisha nguvu kidogo, gia inaingia, halafu inazama tena. Ukiongeza mafuta inakwenda kwa muda. Hiyo ni komedi tofauti kabisa: hakuna kusukuma, kuna chupa ya nusu lita ya mafuta ya breki inayopungua kuanzia Chalinze, na lazima mtu mmoja aishike mapajani njia nzima. Mwandishi atakayejua nani wa kumpa chupa hiyo, bibi aliyenuna au shemeji aliyekuja bila kualikwa, ameshapata nusu ya hadithi. Na mjuaji mmoja ndani ya gari, kila familia inaye, chupa ikiisha atapendekeza wajazie oili ya injini kwa kuwa "mafuta ni mafuta". Oili inavimbisha raba zote za mfumo ule, za juu na za chini. Baada ya hapo hata kupampu hakusaidii, na wako kati ya Hedaru na Same, jua la saa nane.

Wako,
Msomaji na fundi magari, Tanga